Uzi mmoja ulionirudishia mitandio 14

"Shikamoo shangazi. Nimenunua kitanda cha kufumia, mtumba lakini kizima. Tangu nianze, kitambaa changu kina mstari unaokwenda urefu wote, kama mtu amekichana kwa wembe. Nimebadilisha uzi, bado. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Ujumbe huu ulinifikia wiki iliyopita kutoka kwa binti wa Muheza, pamoja na picha. Niliitazama picha ile usiku, nikaiweka simu kifudifudi mezani. Mstari wa namna ile naujua. Nilikuwa sijawahi kuusimulia hapa kwa sababu bado unaniuma, lakini naona wengi wenu mnaonisoma mnataka kufika ninakotaka kufika mimi: kitambaa chetu kikae dukani bila kuombewa radhi. Basi nitausema.

Januari ya mwaka jana nilipata oda ya mitandio 20 kutoka duka la hoteli moja ya ufukweni. Nyeupe yenye mistari ya nili. Kwangu ilikuwa oda kubwa kuliko zote. Nilitanda mtande, yaani nyuzi za urefu, wa mita 42, nyuzi 1,200, upana wa sentimita 60 kwenye kitana, kile kichana kinachopanga nyuzi. Kazi ya kupitisha nyuzi kwenye vitanzi vinavyozipandisha na kuzishusha, kisha kwenye meno ya kitana, ilinichukua siku nne nzima, mgongo ukiwaka moto. Hapo ninaruka, kwa sababu kila mfumaji anazijua siku hizo.

Mitandio sita ya kwanza ilitoka safi.

Kaskazi ilikuwa inavuma. Chumba changu cha kazi kipo Ngamiani, Tanga, chini ya bati, na saa nane mchana hakuna pa kujificha. Nikaleta feni, nikaielekeza kwangu, na upepo wake ukawa unapita juu ya mtande kutwa. Sikulifikiria hilo hata kidogo. Pamba ni tofauti na nyuzi nyingi, ikishika unyevu kidogo inaongeza nguvu, ikikauka inakuwa dhaifu na inakatika. Mimi nilikuwa naukausha mtande wangu kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nashangaa mbona nyuzi zinakatika.

Kwenye mtandio wa saba ukakatika mmoja, nyuma ya vitanzi, karibu na katikati. Niliusikia. Hautoi mlio mkubwa, ni kama mtu amekata ukucha chumba cha pili. Na papo hapo simu ikaita: mteja anauliza mzigo lini. Nikamwambia Ijumaa. Nikarudi kukaa, nikajisemea nitauunga nikianza mtandio wa nane.

Uzi uliokatika hautulii pale ulipo. Kile kipande kilicholegea kililala juu ya jirani zake, kikawazuia kupanda, mshindio, yaani uzi wa kukatiza, ukawa unawaruka badala ya kupita chini yao. Baada ya kama sentimita tatu nikaona kiota kidogo cha nyuzi zinazoelea juu ya kitambaa. Nikachukua mkasi, nikakata kile kipande, kiota nikakishona kwa sindano. Na ule uzi? Nikaangalia mbele ya kitambaa, taa iko juu ya kichwa changu, sikuona kitu. Nyuzi 1,200, nani ataona kwamba moja haipo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nikafuma mtandio wa nane, wa tisa, wa kumi, mpaka wa ishirini.

Siku tano baada ya kuupeleka mzigo nilitumiwa picha. Mtandio wangu umening'inizwa dirishani, bahari iko nyuma yake, na mwanga unapenya kwenye mstari mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kidole cha mtu kinauonyesha. Chini ameandika: "Yote iko hivi?" Walirudisha 14. Sita walilipa, nusu bei, na oda ya pili haikuja. Sikuwalaumu, lakini wiki mbili sikukigusa kitanda, na nilikuwa nikipita pale mlangoni nageuza uso.

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja aliyewahi kukagua vitambaa kiwandani, jirani yetu, ninamwita Babu. Hakunipa pole. Aliuchukua mtandio mmoja akauangika kwenye fremu ya mlango, akanifundisha jinsi wakaguzi wanavyohesabu. Kasoro isiyozidi inchi 3 inapewa alama 1. Ikifika hadi inchi 6, alama 2. Hadi inchi 9, alama 3. Ikizidi hapo, alama 4, na yadi moja haipewi zaidi ya 4 hata iwe mbaya vipi. Wanunuzi wengi wanakubali alama 40 kwa kila yadi 100 za mraba. Mtandio wangu una urefu wa karibu yadi 2, kwa hiyo uzi mmoja umenipa alama 8 kwenye kipande kisichozidi yadi moja na robo za mraba. Ukipiga hesabu ya yadi 100, ni zaidi ya alama 600. Mia sita, kwa uzi ambao kuuunga ni dakika tano!

Dakika tano zenyewe ni hizi. Unakata uzi mpya wa kama mita moja, unaufunga kwenye ncha ya ule uliokatika kule nyuma, unaupitisha kwenye kitanzi chake, kisha kwenye mwanya wake wa kitana. Mbele unachomeka pini kwenye kitambaa, sentimita chache chini ya mahali ulipokatika, unauzungusha uzi kwenye pini kama tarakimu ya 8 mpaka ukaze sawa na wenzake. Unafuma. Ukishapita sentimita tano unachomoa pini, na ile ncha unakuja kuichomekea kwa sindano kitambaa kikishashuka.

Kwa hiyo nawaambia, simameni. Ukisikia mlio, simama. Ukiona kiota, simama. Simu ikiita, iache iite. Mjapani Sakichi Toyoda alikuwa na mashine ya kufumia, ile ya mwaka 1924, iliyosimama yenyewe uzi unapokatika. Kitanda cha miguu na mikono hakina kifaa hicho. Kifaa ni wewe. Ukikataa kusimama, hakuna wa kukusimamishia.

Na usikague mbele peke yake. Kila nikimaliza sentimita 30 nainama, naangaza tochi ya simu kutokea chini ya kitambaa, macho yangu yako juu. Uzi uliokosekana unawaka. Kisha napitisha kiganja, kwa sababu fundo na uzi ulioruka unavishika kwa ngozi kabla hujaviona. Mshindio nao naupima: nimekata dirisha la sentimita 2 kwenye kadi ngumu, nahesabu nyuzi ndani yake asubuhi na alasiri. Ukichoka unapiga kitana kwa ulegevu bila kujua, na kitambaa kinaonyesha mahali ulipochoka. Ukiondoka usiku, legeza mtande, la sivyo kesho utakuta mstari wa kukatiza pale ulipoishia.

Kaskazi ikivuma, zima feni au igeuze mbali na mtande. Mimi namwagia sakafu maji na kuning'iniza magunia mabichi karibu na gogo la nyuma linalozungushiwa mtande. Masika ni kinyume chake, kanji ya mhogo tunayotia kwenye nyuzi inanata na kuota ukungu, basi itie kidogo na uikaushe vizuri. Lakini yote haya hayana maana kama huna moyo wa kusimama. Nimewaona mafundi wenye vitanda vizuri kuliko changu wanaofuma wakipitiliza kasoro kwa sababu wanahesabu mita. Mita zenye mstari si mita.

Sasa wewe binti yangu. Picha yako nimeikuza tena asubuhi hii. Mstari wako si kama wangu. Umeanza tangu sentimita ya kwanza, na pembeni ya uwazi naona nyuzi zimesongamana. Hujakatikiwa, umepitisha vibaya. Hesabu meno ya kitana pale: nadhani utakuta mwanya mmoja una nyuzi tatu na wa jirani una moja, badala ya mbili mbili. Usikate mtande wote. Kata ule uzi mmoja uliozidi mbele ya kitana, uchomoe, upitishe kwenye mwanya wa jirani, ubane kwa pini kama nilivyoeleza. Fuma sentimita kumi, ukishike kitambaa dirishani, unitumie picha ya upande wa nyuma.