Harusi ya Kijijini Lushoto: Usafiri na Malazi kwa Mgeni Anayetoka Dar

Kadi imeandikwa Jumamosi, saa nne asubuhi, nyumbani kwa kina bibi harusi, na nyumbani kwenyewe ni kule juu, Mlalo au Mtae. Wageni wengi hupiga hesabu hivi: Ijumaa nalala Lushoto mjini, Jumamosi alfajiri napanda Hiace. Hesabu hiyo ndiyo inayowakosesha ndoa wakaambulia pilau. Magari ya huko hulala kijijini. Alfajiri huteremsha watu wa sokoni na hospitali, kisha hupanda tena kuanzia mchana. Wewe uko stendi saa kumi na mbili asubuhi unasubiri kupanda, yenyewe ndiyo kwanza yanashuka.

Kwa hiyo panda Ijumaa pamoja nayo. Chukua basi la kwanza la Lushoto pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Safari ni saa sita hadi saba mambo yakienda vizuri. La moja kwa moja likijaa, panda la Moshi au Arusha ushukie Mombo, ila patana nauli ya Mombo kabla hujatoa hela, maana makonda wengine hutoza ya mwisho wa safari.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, kona tupu, kupitia Soni. Anayetapika garini asishibe Korogwe, akae mbele, atazame barabara na simu aiweke mfukoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019, basi beba kopo lenye mfuniko. Jirani yako wa siti atakushukuru.

Ukichelewa magari ya mchana, kodi gari. Noah ina siti saba au nane, lakini mkiwa na mabegi na zawadi hesabu watu watano, kwani mlima ni mkali na barabara za vijijini ni za udongo. Masika, Machi hadi Mei, udongo ule huteleza kama sabuni, na gari la chini huburuza tumbo. Muulize dereva lini alipanda mara ya mwisho, na tairi la akiba ulione kwa macho. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kwa pamoja. Lipa nusu, nusu mkifika salama. Ukilipa yote, usiku wa sherehe utamtafuta. Mwenye gari lake ajaze mafuta mjini, na wakati wa kushuka atumie gia ndogo. Anayekanyaga breki mfululizo ataanza kusikia harufu ya kuungua kabla hajaiona Mombo.

Kulala: gesti ziko mjini. Kijijini mgeni hupangiwa nyumba ya ndugu au jirani, na wapangaji ni kamati, si maharusi. Mpigie mwanakamati wiki moja kabla, umwambie mko wangapi, wanaume wangapi, wanawake wangapi, na kama kuna mtoto au mzee asiyeweza choo cha kuchuchumaa. Beba shuka, ndala, tochi na sweta nzito. Juni na Julai baridi ya usiku si ya mchezo. Mwenye nyumba mpelekee sukari kilo mbili, majani ya chai na mche wa sabuni, umkabidhi siku ya kufika. Maji ya moto huchemshwa kwa kuni, kwa hiyo sema tangu jioni kama utaoga asubuhi, na ndoo moja ikutoshe.

Nguo ya sherehe isafiri begini, uvae hukohuko. Viatu vya kisigino chembamba huzama shambani. Chagua kisigino kipana. Pesa ya kuwatunza maharusi itoe kwa wakala wa mjini, katika noti ndogondogo, maana wakala wa kijijini siku ya harusi huishiwa mapema.

Kurudi ndiko rahisi, kwani sasa magari yanakwenda upande wako. Ila yanaondoka gizani, na Jumapili huwa machache. Mwonyeshe konda nyumba uliyolala tangu Jumamosi mchana, atapita na kukupigia honi.