Miche chumbani: balbu, tokeni na kinyausi

Mvua imeleta maswali, na safari hii karibu yote yanatoka kwa watu wanaosia mbegu ndani ya nyumba kwa kutumia taa. Niseme msimamo wangu mapema. Sisi huku Kenya tuko karibu kabisa na ikweta. Jua hutuangazia kwa takriban saa 12 kila siku, Januari na Julai ni mamoja. Mwenye ua ulio wazi, wavu wa kuzuia kuku na mahali pa kukinga mvua asinunue taa. Taa ni ya anayeishi ghorofani, ya mwenye ploti isiyoona jua, au ya mwenye jirani ambaye mbuzi wake hawana adabu.

Pipeline, Nakuru

*Mwalimu, nilisia nyanya na sukuma kwenye trei, nikaiweka mezani sebuleni na kuacha balbu ya dari ikiwaka. Zote ziliota. Sasa miche ni mirefu na myembamba kama uzi, imepauka na inalala. Je, niliuziwa mbegu mbovu?*

La, dada. Mbegu mbovu haioti, na zako ziliota. Kilichokosekana ni mwanga. Jua la saa sita mchana hapa kwetu hufikia lux (kipimo cha mwanga) 100,000 hivi, ilhali meza iliyo chini ya balbu ya dari aghalabu haipati hata 500. Macho yetu hujirekebisha, ndiyo maana sebule inaonekana imeangaza vya kutosha. Mche hauna ujanja huo. Ukikosa mwanga hutumia akiba yake yote kurefusha shina ili upenye mahali penye jua, na habari ya kunenepa inasubiri.

Teremsha taa kabla hujafikiria kununua kubwa zaidi. Mwanga wa balbu hupungua upesi mno: ukizidisha umbali mara mbili, unabaki na robo tu. Taa ya tyubu ya LED ining'inie sentimita 5 hadi 10 juu ya ncha za majani, nawe uipandishe kadiri miche inavyokua. Balbu ya mviringo yenye nguvu ikae sentimita 15 hadi 30. Weka mgongo wa mkono pale majani yalipo kwa nusu dakika; ukihisi joto la kuudhi, pandisha taa kidogo. Ukizungushia rafu foili ya jikoni au karatasi nyeupe, mwanga uliokuwa ukipotelea ukutani utarudi kwenye miche.

Usiitupe hiyo miche ya nyanya. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusana na udongo wenye unyevu, kwa hiyo ihamishie kwenye vikopo na uifukie hadi karibu na majani yale mawili ya kwanza. Sukuma nayo hukubali kufukiwa hadi hapo, lakini iliyokwisha kulala kabisa ni afadhali uisie upya, kwani mbegu yake ni rahisi. Ukipata nafasi, pitisha kiganja juu ya miche taratibu mara kadhaa kwa siku. Kutikiswa hivyo, kama upepo ungefanya, huzuia shina kurefuka ovyo.

Njoro

*Kijana wangu anataka ninunue zile taa za zambarau anazoziona mtandaoni. Bei yake imenishtua. Za kawaida za duka la stima hazifai?*

Zinafaa, mzee. Ni kweli kwamba jani hunyonya zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, na ndiyo sababu taa hizo zina rangi ile. Lakini LED nyeupe inazo rangi hizo zote mbili, na ya kijani juu yake, ambayo nayo jani huitumia. Tafuta iliyoandikwa kati ya kelvin (kipimo cha rangi ya mwanga) 4000 na 6500. Mimi hupendelea nyeupe kwa sababu moja zaidi: chini ya taa ya zambarau huwezi kuona kama jani limeanza kugeuka njano au limepata madoa, na mkulima anayetegemea macho yake hapaswi kuyafunga.

Chunga maandishi ya boksi. "Sawa na wati 100" maana yake ni kwamba inang'aa kama balbu ya zamani ya wati 100. Wati zenyewe ni ile namba ndogo iliyo pembeni. Na balbu za zamani za uzi usiziguse kwa kazi hii. Sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto.

Kuhusu tokeni za umeme, hesabu ni nyepesi. Tyubu mbili za wati 18, zikiwashwa saa 15 kwa siku, hula yuniti 0.54. Kwa siku 30 ni yuniti 16 na kidogo. Zidisha kwa bei unayolipa, halafu linganisha na bei ya kununua miche iliyokwisha kukua kwa mwenye kitalu. Kwa miche 50 ya sukuma, utaona unajisumbua bure. Kwa mia kadhaa ya hoho au nyanya za mbegu chotara, ambazo pakiti yake ni ghali, hesabu huanza kukubali.

Kondele, Kisumu

*Nikiacha taa ikiwaka usiku kucha si miche itakua haraka zaidi?*

Hapana. Saa 14 hadi 16 zinatosha, kisha giza. Nyanya hasa huchukia mwanga usiokatika. Majani yake huanza kupauka na kuwa na mabaka ya njano. Nunua taima ya soketi, nawe ukalale. Kama una dirisha au baraza inayopata mwanga mzuri, iache miche hapo mchana na uwashe taa kwa muda wa saa tatu au nne tu baada ya jua kutua. Stima ikipotea siku nzima usihangaike, miche haifi kwa hilo.

Mamboleo, Kisumu

*Nyumba yangu ni ya mabati. Hoho zimeota zote, letasi hata moja. Pakiti zote mbili ni mpya, kutoka agroveti moja.*

Tatizo ni joto. Hoho hufurahia nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Letasi ikizidi 30 mbegu hukataa kuamka, na chini ya mabati ya Kisumu mchana hizo nyuzi 30 zinapita bila kupiga hodi. Isie jioni, umwagilie maji baridi, na trei uiweke chini kwenye sakafu ya simenti, kwenye kona isiyopigwa na jua, mpaka ichipuke. Usiifukie pia. Mbegu ya letasi huhitaji kuonja mwanga ndipo iote, kwa hiyo inyunyizie juu ya udongo na kuigandamiza kwa kiganja tu.

Wa Nakuru na Molo wana shida iliyo kinyume, hasa mwezi wa Julai, usiku unapokuwa na baridi kali na nyanya zinakawia kuota. Juu ya friji, upande wa nyuma, huwa na ujoto wa kutosha. Mbegu za nyanya hazihitaji mwanga kabla ya kuchomoza, lakini siku ile unapoona shingo ya kwanza imepinda juu ya udongo, trei ihamie chini ya taa siku hiyohiyo.

Kakamega

*Miche ya kabichi ilikuwa mizuri jioni. Asubuhi theluthi moja imeanguka, shina limenywea pale linapogusa udongo. Kuna dawa?*

Hicho ni kinyausi. Husababishwa na vimelea vya udongoni, Pythium na Rhizoctonia hasa, na mche ulioanguka haunyanyuki tena. Kuna dawa za kuvu agroveti, ila ukinyunyiza dawa na kuendelea kumwagilia vile ulivyokuwa ukifanya, utarudi kununua nyingine. Kakamega hewa ina unyevu tayari. Ndani ya chumba kilichofungwa, trei ikimwagiwa asubuhi na jioni haikauki kamwe, na hapo ndipo vimelea hivyo hunawiri.

Ng'oa iliyoanguka pamoja na udongo ulioizunguka. Acha sehemu ya juu ya udongo ikauke kidogo kabla ya kumwagilia tena, na utakapomwagilia, weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo iyanyonye kutoka chini, kisha uitoe. Fungua dirisha, au uwashe feni ndogo ipepee kwa mbali. Mara ijayo sia kwa mistari na usibananishe mbegu.

Udongo nao una lawama zake. Ule wa shambani palipokuwa na kabichi, sukuma au nyanya usiuingize kwenye trei bila kuupitisha motoni. Ulowanishe kidogo, uutie kwenye sufuria kuukuu au debe lenye mfuniko, ufukie kiazi kimoja katikati, uweke kwenye jiko la makaa lenye moto mdogo. Kiazi kikiiva, udongo uko tayari. Fanyia nje, maana harufu yake itagombanisha nyumba. Baadaye uchanganye na mchanga na mboji iliyokomaa vizuri.

Bungoma

*Naweza kuanzisha saga (mgagani), managu (mnavu) na karoti ndani?*

Managu ndiyo. Karoti hapana, ukiihamisha mzizi hupinda au hugawanyika. Saga pia isie shambani moja kwa moja kwa sababu ya mzizi wake mrefu. Ifukie kidogo tu, maana mwanga huizuia kuota, na usitumie mbegu uliyovuna juzi. Hukaa miezi kadhaa kabla ya kuwa tayari.

Kitale

*Maelezo niliyosoma yanasema nisie wiki sita kabla ya barafu ya mwisho. Barafu gani?*

Ya Ulaya na Marekani ya kaskazini, kaka. Huko majira ya baridi siku huwa fupi na ardhi huganda, ndiyo maana taa za miche ni jambo la kawaida kwao. Wewe hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kupanda shambani: sukuma na kabichi wiki 4 hadi 5, nyanya wiki 4 hadi 6, hoho na vitunguu wiki 6 hadi 8.

Lanet, Nakuru

*Miche ilinawiri chini ya taa. Jumamosi nikaipeleka nje, Jumatatu majani yamekuwa meupe, makavu kama karatasi.*

Imeungua jua. Jani lililokulia chumbani ni laini, na jua letu la saa sita halina huruma kwalo. Miche izoeshwe kwa siku 7 hadi 10: mwanzo saa moja au mbili za jua la asubuhi, kisha kivulini, ukiongeza kidogo kila siku na kupunguza maji pole pole. Ihamishie shambani jioni, au siku ya mawingu. Majani yaliyokwisha kuwa meupe hayatarudi kijani, lakini tazama katikati ya kila mche. Kama kichipukizi bado ni kibichi, uweke kivulini na uusubiri. Majani mapya yatatoka.