Maswali ya Wasomaji: Mchezo Gani Utangulie Mezani?

Tuko wanne, wakati mwingine watano, na tumekulia kwenye karata, drafti na keram. Tunataka kununua michezo mipya ya mezani. Tupangieni mitano, wa kwanza hadi wa tano. (Msomaji, Sinza)

Tumetumia vipimo viwili: mcheza karata aushike upesi, na usimlazimishe mtu kusoma Kiingereza.

Wa kwanza ni The Crew wa Thomas Sing (2019), kwa watu 3 hadi 5. Anayejua turufu amekwisha kuujua nusu: unafuata rangi iliyotangulia, karata kubwa inakula, turufu inakula zote. Tofauti ni kwamba wote mko upande mmoja na hamruhusiwi kuambizana mlichoshika. Mnaweza kuuonja kabla ya kuununua. Chukueni paketi mbili za karata. Katika ya kwanza toeni ree hadi tisa za kila aina, jumla 36 (ree ni 1), kisha ongezeni K zote nne ziwe turufu: ya pao namba 1, uru 2, kopa 3, shupaza 4. Gaweni zote 40. Mwenye K ya shupaza ndiye nahodha, naye anaanza. Katika paketi ya pili toeni zilezile 36, changanyeni, mfunue moja: hilo ndilo jukumu. Mara ya kwanza analichukua nahodha. Likiwa saba ya uru, lazima yeye mwenyewe aile saba ya uru. Akiila mwingine, wote mmeshindwa hapohapo. Mkifaulu, ongezeni jukumu moja, mkichagua kwa zamu kuanzia kwa nahodha.

Kila mtu anaruhusiwa dokezo moja kwa kila mgao, kabla ya karata kuanza kutupwa au baada ya mzunguko kuliwa, si katikati. Anaweka karata yake moja wazi, isiyo turufu, na kizibo cha soda juu yake. Kizibo kikiwa upande wa juu, hiyo ndiyo kubwa yake ya rangi hiyo. Katikati, ndiyo pekee. Chini, ndiyo ndogo kabisa. Karata hiyo bado ni ya kuchezwa. Kosa linalovuruga zaidi ni kusahau kwamba K ya kopa si kopa tena. Ikianza kopa na wewe huna nyingine, tupa unachotaka. La pili ni kuguna na kukonyezana, ambako kunaua mchezo wenyewe.

Wa pili ni Azul wa Michael Kiesling (2017), watu 2 hadi 4. Una vigae 100, rangi tano, 20 kila rangi, na hakuna neno la kusoma. Vigae vinawekwa vinne vinne kwenye visahani: 5 mkiwa wawili, 7 mkiwa watatu, 9 mkiwa wanne. Wageni huhesabu pointi za kupata tu, wakasahau vigae vinavyokosa nafasi. Viwili vya kwanza vinakata pointi 1 kila kimoja, vitatu vinavyofuata 2, viwili vya mwisho 3. Saba hivyo vinakula pointi 14.

Carcassonne (2000) ni wa tatu: vigae 72, watu 2 hadi 5. Msimwage watu wenu wote saba (vikaragosi vya kuweka juu ya vigae) mapema, kwani harudi mtu mkononi mpaka barabara, mji au monasteri yake ikamilike. Mara ya kwanza acheni wakulima, yaani watu wanaolazwa mashambani, maana hesabu yao ndiyo inayowakatisha watu tamaa.

Wa nne ni Catan (1995). Ni mzuri, ila sanduku la kawaida linaishia watu wanne, na aliyeanza vibaya hubaki mtazamaji kwa muda mrefu. Dadu mbili ndizo zinazoamua ardhi ya namba gani itoe mazao. Kati ya njia 36 za kuangukia, jumla ya 6 ina njia tano, na ya 8 tano. Jumla ya 2 na ya 12 zina moja moja. Basi jengeni kwa hesabu hiyo.

Wa tano, Ticket to Ride (2004). Ramani yake ya Marekani inakula muda kwa kutafuta miji. Tiketi (kadi inayotaja miji miwili ya kuunganisha kwa reli) usiyoitimiza inakukata pointi, kwa hiyo msibaki na zote tatu za mwanzo kwa tamaa, mbili zinatosha.

Uno: +2 juu ya +2 inaruhusiwa? (Msomaji, Temeke)

Kwa kanuni za watengenezaji, hapana. Anayepigwa +2 anaokota mbili na zamu inampita. Na +4 unaitupa tu kama huna karata ya rangi iliyopo. Ukishukiwa ukakutwa unayo, nne unaokota wewe. Ukiwa mkweli, aliyekushuku anaokota sita. Kurundika ni kanuni ya kijiweni, basi kubalianeni kabla ya kugawa.

Tuko wanane na Codenames ipo kwa Kiingereza tu. Tunaweza kutengeneza ya Kiswahili? (Msomaji, Mbagala)

Mnaweza. Ni mchezo wa timu mbili, kila moja ikitafuta maneno yake kwa dokezo la mdokezi wake, anayeiona ramani ya siri. Kateni manila vipande 100, kila kimoja nomino moja. Chagueni zenye maana zaidi ya moja: mbuzi, kaa, paa, tembo, kata. Pangeni 25, tano kwa tano. Ramani ya siri ina miraba 25: timu inayoanza 9, ya pili 8, isiyo ya mtu 7, ya muuaji 1 (timu inayoichagua imeshindwa). Tieni alama upande wa juu, maana mdokezi mmoja akiigeuza ramani mchezo umeharibika.

Kiswahili kinadai kanuni moja zaidi: dokezo liwe nomino, si kivumishi. Mdokezi akisema "vikali", kiambishi kimekwisha kufichua ngeli, na timu inabaki kuchagua vyenye "vi" tu.

Kadi zinanata na kujikunja wakati wa masika. (Msomaji, Kigamboni)

Ni unyevu. Zivisheni mifuko ya plastiki ya kadi, zifungeni kwa mpira laini usiozikunja, zikae kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Poda ya keram msitie: inaacha madoa mgongoni, na kadi yenye doa inajulikana kabla haijafunuliwa.