Kazimoto ndiye Kezilahabi? Jibu langu kwa kijana wa HKL

Mdogo wangu unayesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), umeuliza mawili. Kwanza, kama ni kweli, kama mwalimu wako anavyosema, kwamba Kazimoto, msimuliaji wa riwaya ya Kichwamaji, ni mtunzi wake, Euphrase Kezilahabi, mwenyewe. Pili, kwenye insha ya uhakiki uyaweke maisha ya mwandishi kiasi gani. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika: wengine wanakwambia usome maisha ya mwandishi kabla hujafungua kitabu, wengine wanadai mwandishi akishachapisha hana lake tena. Nimefundisha Kiswahili kidato cha tano na sita kwa miaka mingi, na karatasi za makundi yote mawili nimezisahihisha. Zinachosha kwa namna tofauti.

Kwa Kazimoto nasema hapana, na sababu imo humo humo kitabuni. Ni kweli wanafanana. Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akapitia seminari ya Nyegezi, akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazimoto naye ni msomi wa chuo kikuu mwenye kijiji nyuma yake. Riwaya ilitoka 1974, mwandishi akiwa kijana bado, na imesimuliwa kwa "mimi". Hiyo "mimi" ndiyo inayowanasa watu. Sasa angalia kisa kilivyosukwa. Manase anampa mimba Rukia, dada yake Kazimoto. Kazimoto anadhamiria kulipiza kisasi kwa Sabina, dada yake Manase, na mwishowe anamwoa. Mtoto wa Manase ana kichwa kikubwa kupita kiasi; mtoto wa Kazimoto na Sabina naye anazaliwa hivyo hivyo. Msimuliaji anatembea kuelekea shimo ambalo aliyesuka kisa alikwisha kulichimba. Kazimoto hajui, mwandishi anajua, na sisi wasomaji tunaanza kujua kabla ya Kazimoto. Ukiwafanya hao wawili kuwa mtu mmoja, kejeli yote ya riwaya inapotea, na bila kejeli hiyo kinachobaki ni malalamiko ya kijana mwenye huzuni.

Halafu kuna jambo dogo la wazi: Kazimoto anajiua. Mwandishi wake aliendelea kuandika, akatoa Gamba la Nyoka 1979, baadaye Nagona na Mzingile, akafundisha vyuoni, akafariki Januari 2020. Kila mwaka napata insha inayosema "Kezilahabi alikata tamaa ya maisha". Nani kamwambia? Kazimoto.

Nadhani ugonjwa unatoka kwenye madesa yetu, yale maelezo ya kujisomea ambayo wanafunzi wanapeana na kunakili. Unaijua orodha: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa ya mwandishi, msimamo wa mwandishi. Mwanafunzi akifika kwenye msimamo anaandika "mwandishi ana msimamo wa kimapinduzi", anaweka nukta, anahamia kipengele kingine. Hakuna anayeuliza huo msimamo umepatikana wapi. Mara nyingi umetoka kwenye wasifu wa nyuma ya jalada, au kwa mtunga desa ambaye naye kanakili desa la mwenzake. Msimamo hauokotwi kwenye wasifu. Unautafuta kwa kuangalia nani kapewa nafasi ya kusema, nani anachekwa, nani analipwa kwa alichotenda, na mambo yanaishaje.

Chukua Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert. Kitabu kilichapishwa 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, na mchapaji wake, Nelson, ilikuwa kampuni ya Uingereza. Humo shujaa, Karama, anashtakiwa kwa kuanzisha elimu ya uanasheria. Mshtaki ni Waziri Majivuno. Karama anajitetea mbele ya mfalme na baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi. Waliporudi na habari njema wakatupwa gerezani.

Kuna mwaka niliwapa wanafunzi wangu kurasa za utetezi huo bila jalada wala jina la mtunzi, nikawauliza: mtu huyu ni nani? Wengi wakasema ni wakili. Mmoja akasema, "Huyu ameandika barua nyingi za kuomba." Nilimpenda sana yule binti. Shaaban Robert aliingia kazini forodhani mwaka 1926, akapita idara ya wanyamapori, ofisi ya wilaya Tanga, kisha upimaji wa ardhi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Hapo maisha yanasaidia, kwa sababu yanajibu swali ambalo kurasa zenyewe zimeliuliza: kwa nini shujaa huyu hashiki rungu, anashika hoja? Kwa nini anaisifu nchi yake kabla ya kuilaumu, kama mtu anayejua kwamba aliye upande wa pili wa meza ndiye mwenye kalamu ya kukubali au kukataa?

Sasa rudi kwenye desa: "Kusadikika ni Tanganyika ya mkoloni, msimamo ni wa kimapinduzi." Sehemu ya kwanza ina nguvu. Nchi inayoelea angani ni kificho kizuri kwa karani mwenye mshahara wa serikali, na nisingependa umnyime Shaaban Robert ujanja huo. Lakini ukishikilia hivyo, una deni la kueleza kwa nini watawala wa Kusadikika si wageni. Majivuno ni Msadikika. Baraza ni la Wasadikika. Na mwisho wa kesi kiti cha enzi hakipinduliwi: Karama anaachiwa, na wajumbe wanatolewa gerezani, kwa uamuzi wa mamlaka ile ile iliyowafunga. Mimi nasoma hapo msimamo wa mtu anayetaka sheria na huruma viingie barazani, na anayeona uonevu kama tabia ya madaraka yoyote, ya mweupe au mweusi. Unaweza kunipinga, ila nipinge kwa kurasa. Kezilahabi mwenyewe aliandika tasnifu yake ya uzamili juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya, kisha ile ya uzamivu, kule Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, ikahusu tatizo la ufasiri wa fasihi. Kwa hiyo hili unalouliza ni jambo lililowasumbua hata watunzi.

Kuna mahali ukipuuza maisha unaaibika. Shaaban Robert ana shairi la kumlilia Amina. Amina alikuwa mkewe, na alifariki. Niliwahi kusahihisha insha iliyosema Amina ni ishara ya taifa lililotawaliwa. Aya tatu nzima! Vivyo hivyo na Rosa Mistika (1971), riwaya ya Kezilahabi, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku shuleni: jina hilo ni mojawapo ya sifa za Bikira Maria katika litania wanayosali Wakatoliki. Ukijua mwandishi alilelewa seminari, unaanza kujiuliza kwa nini binti aliyepewa jina hilo anapitishwa katika mambo yale yote.

Kwenye karatasi ya mtihani, basi, usianze na "alizaliwa mwaka fulani". Msahihishaji anajua. Jenga hoja kutoka kwenye matukio na maneno ya wahusika. Ukifika mahali kitabu chenyewe kinakusukuma nje yake, andika sentensi moja au mbili za maisha, urudi ndani haraka. Badala ya "mwandishi anasema", zoea kuandika "Kazimoto anasema", "Karama anadai", na uone jinsi hoja yako inavyobadilika.

Na mwalimu wako usimbishie mbele ya darasa. Mfuate ofisini na kitabu mkononi, mfungulie pale Kazimoto anapopanga kisasi juu ya Sabina, kisha pale mtoto anapozaliwa, umuulize kama msimuliaji na mtunzi wanajua mambo sawasawa katika sehemu hizo mbili. Akikujibu, njoo utuandikie hapa alichosema.