Sevisi ya karavani na waranti ya bodi: usiruke mwaka hata kama haijatembea

Mkuu, umeuliza kama ni lazima kupeleka karavani ya kukokotwa (nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari) sevisi kila mwaka wakati safari zako ni chache, na kama waranti ya bodi itaendelea kukulinda ukiruka mwaka mmoja. Karavani yangu niliinunua mpya na waranti yake ya bodi bado iko hai, kwa hiyo nakujibu kwa niliyopitia. Usiruke. Hata ikikaa mwaka mzima bila kusogea, ipeleke.

Tumezoea kuhesabu sevisi kwa kilomita kwa sababu ya magari yetu. Karavani haina injini wala giaboksi. Inaliwa na maji, kutu na kuzeeka kwa mpira, na hivyo vitu havisubiri safari. Kuta za karavani nyingi zina tabaka: nje bati la alumini au faiba, katikati povu gumu la kuzuia joto na baridi, ndani plaiwudi nyembamba, na kwenye karavani nyingi kuna mbao kwenye maungio. Kinachozuia mvua isiingie ni ile gundi laini iliyozibwa kwenye kona, kuzunguka madirisha, kwenye taa za nje, kwenye matundu ya paa na kwenye reli ya kufungia turubai, ambayo imejaa skrubu kuanzia mbele hadi nyuma. Gundi hiyo hukauka na kupasuka kwa jua na miaka. Maji yakishapata njia hayadondoki ukayaona. Yanapita ndani ya ukuta na kuozesha mbao kimyakimya, na siku ukiona doa kwenye karatasi ya ukutani, uharibifu umeshakuwa wa muda mrefu.

Ndiyo maana kwangu kipimo cha unyevu ndiyo roho ya sevisi nzima. Fundi hupita na kipima unyevu kwenye kona zote, chini ya madirisha, ndani ya makabati na sakafuni pembeni ya mlango, halafu anajaza mchoro wa karavani kwa asilimia. Chini ya 15 huwa ni salama. Kati ya 15 na 20 ni pa kufuatilia, papimwe tena baada ya miezi michache. Ikizidi 20 ukuta unahitaji kushughulikiwa, na ikipita 30 inawezekana mbao zimeanza kuharibika. Dai mchoro wenyewe, wenye namba. Neno "sawa" kwenye fomu halikusaidii chochote.

Nimeona faida ya mchoro huo. Kona ya mbele ya karavani yangu, chini ya dirisha kubwa, ilisoma namba nzuri miaka ya mwanzo, kisha mwaka mmoja ikapanda juu ya 20. Kwa mkono sikuhisi chochote, ukuta ulikuwa mkavu na mgumu. Kwa kuwa nilikuwa na michoro ya nyuma inayoonyesha tatizo limeanza lini, na sevisi zote zilikuwa ndani ya tarehe, mtengenezaji alikubali dai. Waling'oa kona ile, wakakausha, wakabadilisha ubao mmoja na kuziba upya, bila mimi kulipa. Bila zile karatasi wangeniambia maji yameingia kwa uzembe wangu, na nisingekuwa na la kuwajibu.

Sasa waranti yenyewe. Soma kijitabu chako mwanzo hadi mwisho, maana watu wengi wanadhani ni kitu kimoja. Kwa kawaida imegawanyika: miaka ya mwanzo vifaa karibu vyote vinalindwa, halafu inabaki ya bodi peke yake dhidi ya maji kuingia, ambayo kwa watengenezaji wengi ni miaka 6 au 10. Hiyo ndefu ndiyo yenye thamani, na ndiyo yenye masharti makali. Sharti kubwa ni sevisi na kipimo cha unyevu kila mwaka, kwenye gereji inayotambuliwa na mtengenezaji, ndani ya siku kadhaa kabla au baada ya tarehe ya kununua.

Hapo kwenye tarehe pana mtego. Masharti mengi huhesabu kutoka siku ya ununuzi wa kwanza, wala si kutoka sevisi iliyopita. Ukichelewa kidogo mwaka huu, kisha mwakani ukahesabu miezi 12 kutoka hapo, unasogea mbele mwaka hadi mwaka mpaka siku moja unajikuta nje ya muda bila kujua. Andika tarehe ya ununuzi kwenye kalenda ya simu, weka ikukumbushe miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu gereji nzuri hujaa mapema sana msimu wa safari unapokaribia.

Jambo jingine ni kutoboa. Unataka kufunga sola juu ya paa, antena, au mota ya kuisogeza karavani bila gari? Uliza kwanza, na upate jibu kwa maandishi. Tundu moja alilotoboa fundi asiyetambuliwa linatosha kukataliwa dai la maji, hata kama maji yameingilia upande mwingine. Kupakia kupita uzito ulioandikwa kwenye kibati cha karavani nako ni sababu ya kukataliwa, hasa kwenye ekseli na chasisi. Na kama umenunua mkononi, waranti huwa haikufuati yenyewe, inabidi kuhamishwa kwa jina lako ndani ya muda uliowekwa.

Usichanganye waranti ya mtengenezaji na haki zako za kisheria kwa muuzaji. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, muuzaji wa bidhaa mpya anawajibika kwa kasoro kwa angalau miaka 2 hata kama kijitabu cha waranti kinasema vingine. Hilo ni dai unalompelekea aliyekuuzia.

Kuhusu kazi yenyewe ya sevisi, jifunze kuikagua, kwa sababu mhuri kwenye kitabu hauonyeshi kilichofanyika. Breki ndiyo mahali pa kuangalia kwanza. Karavani nyingi hufunga breki kwa msukumo: gari likipunguza mwendo, karavani inasukuma mbele, mkono wa kuunganishia unaingia ndani na kuvuta kebo za breki. Ili kuziangalia brekishuu vizuri fundi anatakiwa kuvua ngoma, yaani kile chuma cha duara kinachozifunika. Kwenye ekseli nyingi za kampuni ya AL-KO zenye beringi zilizofungwa, nati kubwa ya katikati ni ya kutumika mara moja tu. Ikifunguliwa inatupwa, inafungwa mpya na kukazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni mita) 290. Kwa hiyo ankara ya sevisi kamili ya ekseli ya namna hiyo inatakiwa iwe na nati mpya, moja kwa kila gurudumu. Gereji moja ilinipa ankara isiyo na nati hata moja, na fomu imetiwa alama ya vema kwenye "breki zimekaguliwa". Niliuliza kwa upole, wakairudisha ndani, wakavua ngoma nikiwa nimesimama pale, vumbi na kutu vikamwagika sakafuni. Nimeshahama gereji ile. Nawe uliza bila aibu, kwani ni familia yako iliyo kwenye gari linalotegemea breki hizo.

Magurudumu yakishavuliwa, nati zake zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu na zipimwe tena baada ya kilomita 50 hivi. Tairi usizipime kwa kashata peke yake. Kashata itakuwa nzuri daima, lakini mpira unazeeka. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikifika miaka 5 anza kujipanga, zisivuke 7.

Gesi isimamiwe na fundi mwenye kibali. Apime uvujaji, aangalie moto wa jiko na bomba la moshi la friji, na asome tarehe iliyochapwa kwenye mpira wa gesi. Kengele ya kaboni monoksaidi nayo ina tarehe ya kuisha, na kubonyeza kitufe ikalia hakumaanishi kuwa kihisi bado kizima.

Kati ya sevisi na sevisi fanya yako. Ukiegesha kwa muda mrefu, weka kabari kwenye magurudumu na uachie hendibreki, la sivyo brekishuu zinagandana na ngoma. Betri ya risasi usiiache ikakaa chini ya volti 12, itakufa. Kama unapoishi kunaganda, toa maji yote kwenye mabomba, pampu na hita. Na ukiunganisha kwa kichwa chenye pedi za kuzuia kuyumba, lile tufe la chuma nyuma ya gari lisafishwe liwe kavu kabisa. Grisi hapo inaua pedi.

Kama tarehe yako imeshapita, usingoje mwakani. Wasiliana na mtengenezaji mwenyewe leo, mweleze tarehe ya ununuzi na ya sevisi ya mwisho, uombe kufanyiwa kipimo cha unyevu na sevisi kwenye gereji watakayoitaja ili waranti iendelee. Wengine hukubali kama kuta zinasoma vizuri. Wakikubali, wakuandikie kwa barua pepe, uichape na kuibandika ndani ya kitabu cha sevisi kabla hujaipeleka karavani.