Maswali na Majibu: Kabla ya Kulaumu Kabila la Jirani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: kwa nini Wakenya hatuaminiani? Zilizokuwa za matusi nimezichana. Hizi ndizo zilizobaki.

Kabla ya Mzungu tuliishi kama ndugu. Nani hasa alitugawanya? (Msomaji, Nyeri)

Hatukuishi kama ndugu, wala hatukuishi kama maadui. Tuliibiana ng'ombe, tukaoana, njaa ikija tukabadilishana mbuzi kwa nafaka. Hapakuwa na Kenya ya kugombania. Habari za mwaka 1895 Mwingereza alipotangaza utawala wake, za wilaya zilizochorwa kwa kabila na za kipande, kile kitambulisho cha lazima cha Mwafrika kilichoning'inizwa shingoni, mlifundishwa shuleni, sizirudii.

Lisilosemwa sana ni la 1955. Chama cha KAU, kilichokuwa cha Waafrika wa nchi nzima, kilipigwa marufuku mwaka 1953, wakati wa hali ya hatari. Serikali ya kikoloni ilipolegeza kamba Juni 1955, iliruhusu Waafrika kuunda vyama, lakini vya wilaya peke yake. Chama cha nchi nzima kilikatazwa, na Mkoa wa Kati haukupewa hata hicho cha wilaya. Sasa piga hesabu: wilaya imechorwa kwa kabila, na chama hakiruhusiwi kuvuka wilaya. Mwanasiasa chipukizi angejifunzia wapi siasa kama si kwa watu wa kwao? Vyama vya kitaifa viliruhusiwa mwaka 1960, uhuru ukaja 1963. KANU na KADU zilishonwa haraka kutokana na vikundi hivyo vya wilaya. Ndiyo maana moja ilionekana ni ya Wakikuyu na Waluo, na nyingine ya Wakalenjin, Wamaasai na Wamijikenda.

Hata hivyo, tusimtwike Mwingereza mzigo wote. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ulitolewa na serikali yetu wenyewe. Ulisema pesa za maendeleo zipelekwe pale zitakapozaa zaidi, yaani penye rutuba, mvua na barabara. Turkana, Marsabit na Wajir wakaambiwa wasubiri. Walisubiri mpaka Katiba ya 2010 ilipoagiza kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mtu aliyenyimwa barabara kwa miaka arubaini na mitano hahitaji kuchochewa na yeyote ili aamini kwamba serikali ni ya wengine.

Ni kabila gani lenye ukabila kuliko yote? (Uasin Gishu)

Lako na langu. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, msiniletee tena.

Nilizaliwa Kwale, na mama yangu ana kitambulisho cha Kenya. Nilipoenda kuomba changu nikapelekwa kwa wazee kupigwa msasa, nikaulizwa babu yangu alizikwa wapi. Rafiki yangu wa Murang'a alipewa chake bila maswali. Je, mimi si Mkenya?

Wewe ni Mkenya, mwanangu. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema anayezaliwa na baba au mama raia ni raia. Babu hajatajwa.

Lakini swali lako linagusa jambo linalonichoma. Katika nchi hii, ili ukubalike kuwa raia, sharti kwanza ukubalike kuwa kabila. Wamakonde waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, watoto na wajukuu wao wakazaliwa hapa, na bado walikuwa hawana kitambulisho. Ilibidi watembee kutoka Kwale hadi Nairobi, Oktoba 2016, ndipo mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43. Miezi michache baadaye Wakenya wa asili ya Kihindi wakawa la 44. Wapemba wa Pwani walingoja mpaka 2023. Watu walishangilia, nami nilifurahi nao, lakini tujiulize: huyu ambaye hana kabila la kuorodheshwa anaingilia mlango gani? Wasomali wa Kenya wanakumbuka kadi maalumu za mwaka 1989, walipochujwa peke yao ndani ya nchi yao. Unayemwambia raia athibitishe uraia wake kila mwaka, usimshangae siku asipoimba wimbo wa taifa kwa sauti.

Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba msasa huo wa ziada umekwisha. Vizuri, ila tamko la jukwaani si sheria, na karani wa ofisini hakuwepo mkutanoni. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Na usitoe hongo. Utamfungulia biashara ya kumsumbua mdogo wako.

Kwa nini tusifute swali la kabila kwenye sensa? Ukabila utaisha wenyewe.

Hautaisha. Jina lako la ukoo litabaki, na mwajiri analisoma kabla hajafika kwenye alama zako. Sheria ya Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wa jamii moja. Bila takwimu utajuaje nani kavunja? Isitoshe, takwimu zenyewe zinatuliza jazba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, na kabila kubwa kuliko yote, Wakikuyu, lilikuwa na milioni 8.1 hivi. Hakuna anayefika hata moja ya tano. Kila anayekutisha kwamba "wale" watatawala milele anajua hivyo, ndiyo maana usiku yuko nao mezani wakipanga muungano.

Watanzania walifanyaje? Tuwaige tu. (Machakos)

Walifuta utawala wa machifu mwaka 1963, wakapeleka wanafunzi wa sekondari kusoma mbali na kwao, wakawaweka vijana pamoja Jeshi la Kujenga Taifa, na wakaendesha serikali kwa Kiswahili. Sisi tuliandika Kiswahili katika Katiba kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kisha tukaendelea kuendesha ofisi zetu kwa Kiingereza.

Ila wao hawakuwa na jeraha letu la ardhi. Masetla, yaani walowezi wa Kizungu, walijaa Bonde la Ufa. Walipoondoka, mashamba yalinunuliwa na wenye pesa na wenye jamaa serikalini, huku waliofukuzwa humo zamani wakitazama. Ukitaka kuelewa kwa nini vita vya 1992, 1997 na 2008 viliwaka zaidi huko, anza na hatimiliki, kabila lije baadaye. Na msiwapake Watanzania mafuta kupita kiasi. Waulizeni watu wa Shimoni waliowapokea wakimbizi wa Pemba baada ya mauaji ya Januari 2001. Zanzibar mgawanyiko wa Unguja na Pemba ulikuwepo bila orodha ya makabila kama yetu.

Baba mkwe anatuma matusi ya kikabila katika grupu la ukoo, na mimi ndiye ninayetukanwa. Nifanyeje?

Mpigie simu, usimjibu mbele ya ukoo. Asiposikia, mwambie kwa heshima kwamba uchochezi wa chuki ni kosa lenye faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu. Wanaotumia kwa mzaha neno "madoadoa", yaani watu wa kabila jingine wanaoishi kati ya wenyeji, hawajawahi kuwa doa.

Gen Z wameumaliza ukabila, sivyo?

Sivyo. Juni 2024 vijana waliungana kupinga mswada uliotaka kutoza mkate kodi ya asilimia 16, na hapo hakuna aliyemuuliza mwenzake anatoka wapi. Nilifurahi kama wengine. Lakini jibu la wakubwa lilikuwa lipi? Mwezi uliofuata upinzani ukaletwa ndani ya baraza la mawaziri, na Oktoba naibu wa rais akaondolewa, mojawapo ya mashtaka yakiwa kauli zake kwamba serikali ni kampuni yenye wenye hisa. Baada ya hapo kila upande ukarudi nyumbani kuwaambia watu wake wameonewa, na wengi wakaitikia, vijana wakiwemo. Wanaojisifu kwamba hawana kabila mtandaoni niwaone siku ya mchujo wa ugavana katika kaunti yao, pale hesabu inaposhuka kutoka kabila hadi ukoo.

Naishi Kayole miaka mingi. Nijiandikishe kupiga kura hapa au mashambani?

Hapo hapo Kayole. Mwakilishi wadi wa huko ndiye anayehusika na taka zako na mtaro wako. Wa mashambani hakujui. Tunaposafiri na kura zetu hadi kwa wazee tunawapa vigogo kapu lililojaa wanaloenda nalo sokoni. Najua wengi hufanya hivyo kwa hofu: baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na wapo waliofukuzwa majumbani kwa sababu majirani walijua kura yao ilikokwenda. Hofu hiyo siidharau. Ukiamua kuhamisha kituo, nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lako na kitambulisho, na usingoje wiki ya mwisho kisha uniandikie kulalamika foleni.