Usinunue kontroli boksi kwanza

Kaka subiri kwanza, umesema mashine imesoma kodi U0121 kwenye gari yako na fundi anataka ununue kontroli boksi mpya ya ABS (kompyuta ya breki zinazozuia tairi kujifunga). Hiyo kodi, yaani namba ya hitilafu, haimaanishi boksi ya ABS imekufa, inamaanisha tu boksi nyingine za gari haziisikii, na hapo shida mara nyingi ni waya, plagi au umeme, sasa huyo fundi anayetaka ununue nyingine kwa kusoma mashine tu anakula hela yako bure. Anza na betri na ethi (waya wa betri unaofungwa kwenye bodi), betri ikishuka moto hizi boksi zinaleta kodi zinazoanza na U hovyo hovyo. Angalia na fyuzi ya ABS.

Zikiwa poa, toa terminali ya betri, subiri kidogo gari ilale, chukua mita pima omu kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomeka mashine ya kusoma kodi) pini ya 6 na 14. Inatakiwa isome kama omu 60, maana kuna rezista mbili za omu 120 huku na huku mwisho wa laini ya CAN (waya mbili ambazo boksi zinaongelea). Ikisoma 120 ujue upande mmoja umekatika, ikiwa karibu na 0 waya mbili za CAN zimegusana, hapo chomoa boksi moja moja huku unaangalia mita, ikirudi kawaida umempata mchawi. Ila gari nyingi mpya zina getiwei (boksi inayounganisha laini tofauti) katikati so hiyo soketi haikuonyeshi laini zote, itabidi upime kwenye plagi ya ABS yenyewe, na uichungulie vizuri maana iko chini huko maji yanaingia pini zinashika kutu ya kijani